Utatuzi wa Matatizo: Kufundisha Upolari wa Molekuli na Mvutano Kati Yake

Nimesahihisha madaftari ya kemia kwa miaka mingi, na katika mada ya upolari (molekuli kuwa na ncha moja chanya kidogo na nyingine hasi kidogo) na mvutano kati ya molekuli, makosa hurudi yaleyale kila mwaka, kana kwamba wanafunzi wameachiana urithi. Mizizi yake mara nyingi iko kwenye michoro yetu sisi walimu na kwenye maneno tunayoyatumia. Nimeyapanga hapa kwa dalili: kile unachokisikia au kukiona darasani, kisha sababu, kuanzia inayotokea mara nyingi hadi ya nadra, kisha la kufanya.

Kipimo kimoja kinafaa karibu kila mahali, nacho hakihitaji kifaa chochote. Mwanafunzi akitaja bondi, nguvu au mvutano, mwulize: "Kati ya nini na nini?" Kisha aweke kidole kwenye mchoro wake. Kidole kikisita, umeshajua pa kuanzia.

Dalili ya 1: "Maji yakichemka yanagawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni"

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote, hata kwa wanafunzi wanaofaulu mitihani vizuri.

Sababu ya kwanza ni neno lenyewe. Tunasema "bondi" kwa kile kinachoshika oksijeni na hidrojeni ndani ya molekuli, halafu wiki inayofuata tunasema "bondi ya hidrojeni" kwa mvutano kati ya molekuli moja na jirani yake. Mwanafunzi akisikia kwamba kuchemsha kunavunja bondi za hidrojeni, anakata mstari wa O–H alioufahamu tangu mwanzo. Amefuata maneno yetu sawasawa.

Sababu ya pili ni kuchora molekuli moja tu ubaoni. Penye molekuli moja hapana "kati ya molekuli", kwa hiyo hakuna kingine cha kuvunja. Ya tatu, isiyotokea sana, ni somo la kuchambua maji kwa umeme: darasa limeona mapovu ya gesi mbili, na mapovu ya sufuria yanafanana nayo.

Anza kwa swali: "Ndani ya povu la maji yanayochemka kuna nini?" Majibu yaandikwe kimyakimya kwenye karatasi, la sivyo wote watamfuata aliyesema kwanza. Utapata hewa, oksijeni, hidrojeni, na wachache watasema mvuke wa maji. Kisha shika sahani baridi juu ya mvuke, kwa koleo, uwaonyeshe matone. Gesi mbili zilizoachana zisingerudi kuwa maji kwa kugusa sahani tu.

Dalili ikiendelea, leta namba. Kuivunja bondi moja ya O–H kunahitaji takriban kilojuli (kJ) 463 kwa moli (kipimo cha idadi ya chembe), na kila molekuli ya maji ina bondi 2, yaani zaidi ya kJ 920. Kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke kwenye nyuzi 100 za Selsiasi kunahitaji kJ 40.7. Jiko linalipa deni la pili, la kwanza haliwezi kulifikia. Waache wanafunzi wagawanye wenyewe 920 kwa 40.7, wakiona jibu linazidi 22, hawahitaji hotuba.

Mimi nimeacha kusema "bondi ya hidrojeni" katika vipindi vya mwanzo. Nasema "mvutano wa hidrojeni", na "bondi" nailinda kwa ajili ya ndani ya molekuli. Jina rasmi nalirudisha baadaye, wakishaweza kuweka kidole mahali pake, maana watakutana nalo kwenye mtihani.

Dalili ya 2: Mwanafunzi anaona mvutano wa hidrojeni popote penye hidrojeni

Atakuambia methani ina mvutano huo kwa kuwa ina hidrojeni 4. Au atachora vizuri molekuli ya maji, kisha aweke vitone vya mvutano wa hidrojeni juu ya mstari wa O–H uleule.

Mara nyingi sababu ni kukariri kanuni bila sababu yake: "hidrojeni pamoja na florini, oksijeni au naitrojeni". Anashika neno la kwanza, mengine yanapotea. Tiba ni kurudi kwenye elektronegativiti, yaani uwezo wa atomu kuvutia kwake elektroni za bondi. Kwa kipimo cha Pauling, hidrojeni ina 2.20, kaboni 2.55, naitrojeni 3.04, oksijeni 3.44, florini 3.98. Tofauti ya C na H ni 0.35 tu, na ya O na H ni 1.24. Hidrojeni ina elektroni moja. Ikivutwa kwa nguvu na oksijeni, kiini chake kinabaki karibu uchi upande wa pili, na jozi ya elektroni ya molekuli jirani inaweza kukisogelea sana. Hidrojeni ya methani haijavuliwa hivyo.

Kisha wape jedwali lenye vitu vyenye elektroni 10 kila kimoja, na viwango vyake vya kuchemka: neoni nyuzi −246, methani −162, amonia −33, hidrojeni floridi (HF) 19.5, maji 100. Elektroni ni idadi ileile. Waulize nini kimepandisha namba.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini maji yanaipita hidrojeni floridi ilhali florini inavuta zaidi. Hesabuni pamoja: molekuli ya maji ina hidrojeni 2 za kutoa na jozi huru 2 (jozi za elektroni zisizo ndani ya bondi) za kupokea, kwa hiyo inaweza kushikana na majirani 4. HF ina jozi huru 3 lakini hidrojeni 1 tu, hivyo kwa wastani kila molekuli hubaki na mishiko michache. Swali hili likiulizwa darasani mwako, furahi, mada imeingia.

Dalili ya 3: "Bondi ni polari, basi molekuli ni polari"

Kaboni dioksidi inaitwa polari, tetrakloromethani vilevile. Sababu kubwa kupita zote ni ubao kuwa bapa. Molekuli ina urefu, upana na kina. Mchoro wa chaki una viwili tu.

Kipimo chepesi: waambie wachore CH₂Cl₂ kwa njia zote wanazoweza. Baadhi wataziweka klorini 2 zikitazamana, moja juu na nyingine chini, hidrojeni kushoto na kulia. Kwa mchoro huo mivuto inaonekana kufutana na molekuli inaonekana haina ncha. Wengine wataziweka klorini kando kwa kando, na molekuli inaonekana polari. Darasa litabishana. Waache wabishane.

Halafu chukua udongo wa kufinyanga na vijiti 4. Fanya donge la kaboni, chomeka vijiti ili kila kimoja kiwe mbali na vingine kadiri inavyowezekana, pembe karibu nyuzi 109.5. Weka madonge mekundu 2 na meupe 2, mpe mwanafunzi aligeuzegeuze. Nilimwona binti mmoja akiligeuza donge lake karibu dakika mbili, akijaribu kuzipeleka klorini pande zinazotazamana kikamilifu. Akaishia kusema kwa sauti ndogo, "Haiwezekani, ziko kando kwa kando kila ninavyogeuza." Hakuna maelezo yangu yaliyowahi kufanya kazi hiyo. CH₂Cl₂ ni moja tu, na ni polari.

Kwa kaboni dioksidi tumia kamba: wanafunzi 2 wenye nguvu sawa wamvute wa katikati kutoka pande mbili zilizonyooka. Hasogei. Kisha wavutaji wasogee hadi pembe iwe karibu nyuzi 104.5 kama ya maji. Wa katikati anaanza kwenda. Wavute taratibu, na sakafu isiwe na maji.

Sababu ya nadra zaidi, kwa madarasa ya juu, ni kusahau jozi huru za elektroni. Amonia (NH₃) ina momenti ya dipoli, yaani kipimo cha upolari wa molekuli, ya debai 1.47 na NF₃ ina 0.23, ingawa umbo lao linafanana na bondi za N–F si dhaifu kwa upolari. Katika amonia jozi huru na bondi zinavuta upande mmoja. Katika NF₃ zinapingana.

Dalili ya 4: "Kitu polari huchemka juu kuliko kisicho polari, siku zote"

Hapa naomba mwalimu mwenzangu ajitazame kwanza, kwa sababu kosa hili mara nyingi tunalipanda wenyewe. Tunaandika ubaoni orodha: mvutano wa hidrojeni wenye nguvu, dipoli kwa dipoli (ncha za molekuli polari zikivutana) wa kati, mvutano wa London dhaifu. Mwanafunzi anaichukua kama ngazi ya vyeo. Kitu chenye "cheo" cha juu lazima kimshinde wa chini.

Mvutano wa London, uliopewa jina la Fritz London aliyeueleza mwaka 1930, uko katika kila molekuli, polari na isiyo polari. Wingu la elektroni halitulii. Likiegemea upande mmoja kwa kitambo, linalisukuma wingu la jirani liegemee pia, na wawili hao wanavutana. Elektroni zikiwa nyingi na wingu likiwa kubwa, kuegemea kunakuwa rahisi. Kwa molekuli kubwa, huyu anayeitwa dhaifu ndiye anayebeba mzigo mkubwa.

Kipimo: uliza kipi huchemka juu, kloroformi (CHCl₃) au tetrakloromethani (CCl₄). Kwa kuwa kloroformi ni polari, wengi wataichagua. Ukweli ni nyuzi 61 kwa kloroformi na 77 kwa tetrakloromethani. Hesabuni elektroni: 58 dhidi ya 74. Ongeza HCl inayochemka −85 na HI inayochemka −35, ingawa HCl ndiyo yenye upolari mkubwa zaidi. Ongeza dekani, haidrokaboni isiyo polari, inayochemka nyuzi 174 na kuyaacha maji nyuma.

Tiba ni kufundisha kulinganisha kwa haki: shikilia kitu kimoja, badilisha kingine. Nina seti tatu ninazozitumia kila mwaka.

Seti ya kwanza ina elektroni 26 kila kimoja: propani −42, dimethili etha −24, ethanoli 78. Ukubwa umelingana, kwa hiyo tofauti ni kazi ya upolari na mvutano wa hidrojeni. Etha na ethanoli zina fomula ileile, C₂H₆O. Kilichobadilika ni mpangilio wa atomu: katika ethanoli hidrojeni moja imeshikwa na oksijeni, katika etha hakuna.

Seti ya pili haina upolari kabisa: florini −188, klorini −34, bromini 59, iodini 184. Kwa joto la chumba mbili za kwanza ni gesi, ya tatu kimiminika, ya nne yabisi. London peke yake imefanya hayo.

Seti ya tatu ni ya umbo. Pentani iliyonyooka huchemka nyuzi 36, yenye tawi moja 28, na ile iliyojikunja kama mpira 9.5. Atomu zote ni zilezile, C₅H₁₂, ila vijiti viwili vilivyolala kando kwa kando vinagusana eneo kubwa kuliko mipira miwili.

Kisha watake wachore grafu ya H₂Te (−2), H₂Se (−41) na H₂S (−60), waendeleze mstari hadi mahali pa maji. Watafika makumi kadhaa ya nyuzi chini ya sifuri. Kutoka hapo hadi 100 ndiyo kazi ya mvutano wa hidrojeni, na wameipima kwa rula.

Dalili ya 5: "Chumvi imeyeyuka" na mwanafunzi hajui ameisema ipi

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili: barafu huyeyuka juani, na chumvi huyeyuka ndani ya maji. La kwanza linahitaji kitu kimoja na joto. La pili linahitaji vitu viwili. Chumvi peke yake hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 801. Ikiwa mwanafunzi anasema maji "yameipasha moto chumvi", usitafute tatizo la kemia, tafuta neno. Mimi husema "kuyeyuka kwa joto" na "kuyeyuka katika kiyeyushi" hadi tofauti ikae.

Karibu na hilo kuna kauli "mafuta na maji yanafukuzana". Hayafukuzani. Tone la mafuta likitua juu ya maji safi mara nyingi husambaa kuwa utando mwembamba. Kitu kinachofukuzwa kisingejitandaza. Molekuli za maji zinavutana zenyewe kwa nguvu sana, na mafuta hayawezi kuwalipa kwa mvutano wa kiwango hicho, wala kuingia kati yao bila kuwalazimisha wajipange upya kwa utaratibu mgumu. Ndiyo maana wanabaki upande wao.

Kanuni ya "kinachofanana huyeyusha kinachofanana" inasaidia kuanza, lakini isiachwe iwe ya ndiyo au hapana. Methanoli, ethanoli na propanoli huchanganyika na maji kwa kiasi chochote. Butanoli huingia gramu 7 hadi 8 hivi kwa ml 100 za maji, na heksanoli haifikii gramu moja. Kundi la OH ni lilelile. Mkia wa kaboni ndio umerefuka.

Dalili ya 6: Jaribio la mkondo wa maji halifanyi kazi, au linafanya kazi na maelezo yana kasoro

Umesugua kitana au rula ya plastiki, umeisogeza karibu na maji yanayotiririka kutoka bombani, na maji hayapindi. Sababu ya kwanza ni unyevunyevu wa hewa. Chaji inatoroka kabla hujafika kwenye bomba. Ya pili, mkondo ni mnene mno: punguza hadi uwe mwembamba kama kijiti cha kiberiti, bila kukatika matone. Ya tatu, rula iligusa maji. Ikishalowa, ikaushe na usugue upya. Ya nne, plastiki na kitambaa havipatani: jaribu sufu au nywele kavu.

Maji yakipinda, ndipo hatari ya pili inapokuja. Tumezoea kusema "yamepinda kwa sababu molekuli za maji ni polari". Nilisema hivyo kwa miaka, mpaka mwanafunzi akaniuliza: "Upande wa chanya ukivutwa, upande wa hasi si utasukumwa kwa kiasi kilekile?" Aliuliza vema. Katika uwanja wa umeme ulio sawa, molekuli yenye ncha mbili inageuka tu, haihami. Uwanja wa rula haulingani kila mahali, lakini mvuto unaotokana na hilo ni mdogo mno. Kinachopinda mkondo hasa ni chaji halisi inayokusanywa kwenye maji na rula iliyo karibu, kupitia ayoni (chembe zenye chaji) zilizomo, chaji ya aina iliyo kinyume na ya rula. Jaribio ni zuri kwa kufundisha umeme tuli. Kama ushahidi wa upolari, liache.

Badala yake, tumia sarafu. Iweke mezani, kavu na safi, dondoshea maji kwa kitoneshi, tone moja moja, darasa likihesabu kwa sauti. Maji yatavimba juu ya ukingo kama lenzi, yatatikisika kila tone likitua, na hayatamwagika pale kila mtu anapodhani. Rudia kwa ethanoli: itatandazika mapema na kumwagika baada ya matone machache tu. Mvutano wa uso wa maji kwa nyuzi 25 ni kama milinyutoni (mN) 72 kwa mita, wa ethanoli kama 22. Hapo mwanafunzi ameona kwa macho molekuli zikishikana.

Dalili ya 7: Kila kitu kigumu kinaelezwa kwa "mvutano wenye nguvu kati ya molekuli"

Almasi, mchanga, chumvi. Uliza: "Molekuli yake iko wapi? Inaishia wapi?" Almasi haina pa kuishia, ni bondi za kovalenti (atomu zikichangia elektroni) kutoka ukingo hadi ukingo. Jozi bora ya kuonyesha ni CO₂, inayogeuka gesi kutoka yabisi kwenye −78.5, na SiO₂ ya mchanga, inayoyeyuka zaidi ya nyuzi 1,700. Fomula zinafanana, miundo haina undugu.

Dalili ya 8: Anajibu maswali ya kitabu, lakini kitu mkononi hakimwambii lolote

Hapa hakuna kosa la kusahihisha, kuna daraja halijajengwa. Leta bomba gumu la PVC na waya wa umeme wenye ganda laini la PVC. Polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, ni ileile. Kwenye ganda laini wametia molekuli ndogo za kulainisha, zinazokaa kati ya minyororo na kupunguza mivutano ya mnyororo kwa mnyororo, kwa hiyo inateleza. Leta pia uzi wa nailoni na mfuko wa polithini. Minyororo ya nailoni ina vikundi vya N–H na C=O vinavyoshikana kwa mvutano wa hidrojeni; nailoni 6,6 huyeyuka karibu nyuzi 265, polithini ngumu karibu 130.

Simama, umwite mtaalamu

Ethanoli, propanoni na heksani hushika moto kwa urahisi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa mezani hadi kwenye moto wa mbali. Zima moto wote kabla ya kufungua chupa, tumia mililita chache, fungua madirisha. Mwanafunzi akilalamika kichwa au kizunguzungu, acha jaribio, mtoe nje, na asipopata nafuu haraka mpeleke kwa daktari.

Tetrakloromethani na bromini zibaki kwenye jedwali la namba tu. Ya kwanza huharibu ini, ya pili huunguza ngozi na mapafu. Iodini ya kupasha moto ifanywe na fundi wa maabara ndani ya kabati la kufyonza mvuke, au isifanywe.

Na ukifungua kabati la zamani ukakuta chupa ya etha isiyojulikana ilifunguliwa lini, hasa ukiona fuwele kwenye kizibo au ndani ya kioo, usiiguse, usiitikise, wala usijaribu kukizungusha kizibo. Etha iliyokaa na hewa hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka kwa msuguano mdogo. Toa watu, funga mlango, na uite wanaoshughulikia kemikali hatari.